Mtoto Aliyesikia Mchana

"Mwalimu, kwa nini mtoto asikie mchana, na taa ikizimwa asisikie?"

Aliyeniuliza hivyo alikuwa mama mmoja wa Osiri, kule Migori kwenye mashimo ya dhahabu, miaka ya tisini ikiwa bado michanga. Nilikuwa na shahada ya chuo kikuu, daftari jipya na kalamu tatu. Niliandika kwenye daftari, "imani za kienyeji", nikapiga mstari chini yake, na mstari wenyewe nikaupiga kwa rula.

Ninyi vijana mliobaki kituoni mmeniomba niandike miaka yangu ya kazi kabla sijaisahau. Vyeo sitavigusa. Vipo kwenye faili langu, na faili langu, kama mnavyojua, halipatikani. Nitaandika juu ya mwaka wangu wa kwanza na juu ya mtoto mmoja aliyeshindwa kutamka, kwa sababu mengi niliyowafundisha ninyi juu ya watoto wasiotamka vizuri niliyapata kwake.

Nilianza Homa Bay, katika chumba kimoja nyuma ya ofisi za elimu za wilaya. Kazi yetu ilikuwa kupima watoto waliopata shida ya kuona, kusikia, kusema au kujifunza, kisha kuandika ripoti ya kuamua mtoto asome wapi. Tulikuwa wawili tu. Mkubwa wangu alikuwa Mwalimu Boke, Mkuria wa karibu na mpaka wa Tanzania, mama wa sauti ya chini na subira ya kutisha. Siku ya kwanza hakunipa hotuba. Alinisogezea katoni ya sabuni. Ndani mlikuwa na kioo cha mkononi, kengele ya baiskeli, unyoya wa kuku, kijiko, njuga, picha zilizobandikwa kwenye kadi, na faili kuukuu la kaki lisilo na karatasi hata moja.

"Hili ni la nini?" nikauliza.

"La kufunika mdomo. Ukipima masikio ya mtoto, funika mdomo, halafu sema neno."

"Kwa nini?"

"Kwa sababu ndivyo tunavyopima, mwanangu."

Jibu la namna hiyo lilikuwa tusi kwangu. Chuoni nilikuwa yule mwanafunzi anayenyoosha mkono mpaka mhadhiri anaanza kutazama saa yake. Nilikuwa nimesoma mahali kwamba mtoto mgeni anatulia akiuona uso wa mtu anayemhudumia. Isitoshe, nyumbani kwetu Kendu Bay, ambako baba aliuza vitambaa na sisi watoto tulikua tukisema Kiswahili jikoni na Dholuo mtaani, mtu anayeongea nawe huku amefunika mdomo anakusengenya. Niliona Boke ameshika mazoea asiyoweza kuyaeleza. Nikaliacha faili lake ndani ya katoni, chini kabisa, chini ya njuga.

Wiki ya tatu alinituma Kosele peke yangu nikapime darasa la nasari. Fomu tulizotumia zilichapishwa Nairobi, zina picha, na mtoto anataja anachokiona. Nilirudi na bahasha nene na uso wa mtu aliyegundua janga. Karibu darasa zima lilikuwa na kasoro ya matamshi! Shati walisema "sati", shoka "soka", na zabibu hakuna aliyeijua. Mtoto mmoja aliitazama picha akasema ni mayai ya nyoka.

Boke alipitia fomu moja moja mpaka ya mwisho.

"Wanakuitaje hao watoto?"

"Mwalimu Saituni," nikasema. Jina langu ni Zaituni.

"Na mwalimu wao anakuitaje?"

"Saituni vilevile."

"Basi jaza na yake. Na ya chifu. Ukimaliza jaza na ya afisa wa elimu, lakini hiyo umpelekee mwenyewe akiwa ameshiba."

Kosa lile lingeweza kufanywa na mtu kama mimi tu, aliyelelewa kwa Kiswahili katikati ya Waluo, akidhani masikio ya mamake ndiyo rula ya wilaya nzima. Mtoto anayesema kama wanavyosema watu wote wa kwao hana kasoro, ana kwao. Mpimeni kwanza kwa lugha ya nyumbani kwake. Mkimsikia bibi yake anasema vilevile, fungeni fomu mnywe chai. Nilijifunza hilo kwa aibu. Sikujua kwamba aibu kubwa zaidi ilikuwa njiani, imepigwa muhuri.

Ilikuja mwezi wa Septemba, barua ya mwalimu mkuu wa shule moja ya msingi karibu na Osiri. Aliandika kwamba kwenye nasari yake kuna msichana wa miaka saba, jina lake Awuor, "asiyetamka maneno, mzito wa akili, na asiyefaa kuingia darasa la kwanza". Alituomba ripoti ya kumpeleka kwenye kitengo cha watoto wenye akili punguani. Kitengo chenyewe kilikuwa mbali sana na Osiri. Mtoto wa pale akipewa barua ya kwenda huko, kwa kweli alikuwa amepewa barua ya kukaa nyumbani akivunja mawe na mamake. Intavyuu ya darasa la kwanza ilikuwa Januari. Kwa hiyo tangu Septemba hadi Januari, maisha ya Awuor yalikaa ndani ya kalamu yangu, na mimi nilikuwa na miezi sita kazini.

Nilimkuta Osiri, si shuleni. Wakati ule wanaume waliingia mashimoni, na wanawake waliketi juu kwenye marundo wakivunja mawe kwa nyundo kabla hayajaingia kwenye krasha, mashine ya dizeli ya kusaga mawe. Krasha ile ilinguruma tangu asubuhi hadi jioni, na vumbi lake lilipaka kila mtu rangi moja. Mama Awuor alikuwa mwanamke mrefu, mwenye kitambaa cha buluu kichwani. Alinisalimu kwa sauti kubwa ya kunishtua. Hata tulipokwenda mbali na mashine, nyuma ya kibanda, sauti haikupungua. Nikasema moyoni, krasha imemzoesha.

"Unaonaje wewe mwenyewe, Mama Awuor? Anakosea wapi akisema?"

"Watu wanasema anakosea," akajibu.

Niliona ananikwepa. Lakini jinsi alivyonitazama kila nilipofungua mdomo, bila kupepesa, ilinifurahisha. Nilidhani anastaajabia elimu yangu.

Awuor alikuwa mwembamba, macho makali, meno mawili ya mbele yametoka. Nilimketisha mbele yangu, magoti kwa magoti, nikatabasamu kama kitabu kilivyosema. Nikataja picha moja moja kwa sauti ndogo, kwa Dholuo, na yeye akawa anaonyesha. Samaki, akaonyesha samaki. Maji, akaonyesha maji. Nikapunguza sauti mpaka ikawa mnong'ono. Hakukosea hata moja! Nikaweka tiki: masikio mazima.

Kusema sasa. Mama, baba, embe, aliyasema vizuri kabisa. Pi, yaani maji, alilisema bila shida. Lakini rech, samaki, lilitoka "re". Kuon, ugali wetu, lilitoka "uo". Kwa Kiswahili kikombe kikawa "iombe" na saba ikawa "aba". Niliandika hayo yote kwa mwandiko mzuri: m, b, p, f anazo, k, s, na za mwisho wa neno hana. Jibu lilikuwa limelala pale kwenye ukurasa, kwa mkono wangu mwenyewe. Nikaandika chini yake: ulimi mzito. Afanyishwe mazoezi.

Ndipo mama yake akaniuliza swali lile.

"Mchana nikimwita anakuja. Taa ikizimwa nikimwita haji. Usiku nikimtaka mpaka nimguse. Ni kwa nini, Mwalimu?"

"Labda anakuwa amelala," nikasema.

"Hajalala."

"Basi anaogopa giza."

Alinitazama kidogo, akafunga kitambaa chake upya, akarudi kwenye mawe.

Nilikwenda Osiri kila wiki, nikilala kwa shangazi yangu mjini Migori. Nilimshikisha Awuor kioo aone ulimi wake. Nilimpulizisha unyoya. Nilimwambia, "Sema kaa," akasema "aa". "Sema kaa." "Aa." Mara ishirini, thelathini. Siku moja alikirudisha mwenyewe kioo mkobani mwangu, akakilaza kifudifudi, akakifunika na kadi za picha. Ilikuwa ripoti fupi na ya kweli juu ya kazi yangu.

Mwalimu mkuu alipenda kunisubiri langoni. Alikuwa mtu nadhifu, kalamu mbili mfukoni, mwenye watoto wengi kuliko madawati.

"Mwalimu wa ndimi, habari ya ndimi?"

"Inaendelea."

"Inaendelea wapi? Mtoto nikimpa kisogo nimwambie lete chaki, anasimama kama mlingoti. Nina watoto wanaongoja nafasi, madam. Niandikieni hiyo barua."

Sikieni hilo: nikimpa kisogo. Hata yeye alinipa jibu, nami nikalipita nikifikiria namna ya kumrudishia maneno.

Nikafika mwezi wa Novemba sina kitu. Boke alisoma daftari langu, akafika kwenye "imani za kienyeji" na mstari wake wa rula, akaligusa kwa ncha ya kidole.

"Hili ulimwuliza nani?"

"Sikumwuliza mtu. Si la kuuliza."

"Wewe unauliza kila kitu, binti wa Kendu. Hili tu ndilo umelionea haya?"

Niliyabeba maneno hayo mpaka Osiri. Siku hiyo nilifika mapema, nimevaa gauni jipya la maua makubwa, nikasimama kando ya krasha nikimsubiri Mama Awuor amalize rundo lake. Kelele ilikuwa ya kutikisa meno. Upande wangu wa mashine aliketi mama mmoja aliyeitwa Nyar Uyoma, yaani binti wa Uyoma, kwa kuwa aliolewa kutoka huko, mchekeshaji wa mahali pale. Nikamwona anawageukia wenzake, midomo inakwenda, mkono umeshikilia sketi isiyokuwepo. Wanawake wakainama kwa kicheko.

Na ng'ambo kabisa, upande wa pili wa krasha, kwenye pipa la maji, Awuor naye akacheka. Alicheka mpaka akamwaga maji.

Nilimwendea Nyar Uyoma nikapiga kelele sikioni mwake, "Umesema nini?"

"Sijasema kitu, Mwalimu!"

"Umesema. Wamecheka."

"Hapa nani anasema? Utasikika na nani?" Akaona haya kidogo. "Tunasema na midomo tu, bila sauti. Nimesema gauni lako ni pazia la ofisi ya DC, limekuja bila dirisha."

Nimetukanwa mara nyingi katika kazi hii, lakini tusi lile ningelilipia! Bila sauti! Mahali pale wanawake walikuwa wamejitengenezea mazungumzo ya midomo na nyuso, kila mtu anamgeukia mwenzake, kila neno linafinyangwa wazi, na mtoto huyu alikuwa amelelewa ndani yake tangu kunyonya. Akiwa mbali hivyo, mashine inanguruma, ameshika mzaha ambao haukutamkwa. Nilikumbuka nilivyomketisha mbele yangu, magoti kwa magoti, nikinong'ona huku nikifungua mdomo vizuri kama mwalimu mwema. Sikumpima masikio. Nilimpima macho.

Nikawaomba wazime krasha. Hawakukubali, dizeli haizimwi kwa ajili ya walimu, lakini ilikuwa karibu kuongezwa mafuta. Ilipozima, kimya kikatanda hadi nikasikia kuku. Nikamketisha Awuor nyuma ya kibanda. Faili la kaki lilikuwa Homa Bay, ndani ya katoni, nilikoliacha makusudi. Nikachukua daftari langu, lilelile, nikalisimamisha mbele ya mdomo.

"Rech," nikasema.

Uso wa Awuor ulifungika. Alitazama jalada la daftari, akatazama macho yangu, akangoja.

"Pi."

Akangoja.

Nikapandisha sauti. Nikapandisha tena. Nilipofika karibu na kupiga kelele ndipo akainamisha kichwa upande wa kushoto na kuweka kidole, kwa wasiwasi, juu ya picha ya maji. Nilirukaruka pale kwenye vumbi kama mtoto aliyepewa likizo. Najua, alikuwa hasikii, na mtu hashangilii jambo hilo. Lakini ulimi wake haukuwa mzito na akili yake haikuwa nzito. Alisema kila alichokiona! M na b na p na f zinaonekana kwenye midomo. K inatokea nyuma kooni, s inapita kimya nyuma ya meno, asiyezisikia atazijuaje? Alikuwa amejifunza lugha nzima kwa kuitazama, na sisi tulitaka kumwita punguani.

Mama Awuor alikuwa amesimama kando muda wote. Alikuja, akaweka kidole juu ya daftari langu, akalishusha taratibu.

"Mwalimu, ukifanya hivyo ni kama umezima taa," akasema. "Sasa niambie tena. Ulikuwa unasema nini?"

Nikamwambia. Nikakaa chini juu ya jiwe, nikafungua daftari, nikakata yale maneno matatu. Bila rula.

Yaliyofuata ni kazi, nami nayaandika kwa ajili yenu mtakaokutana na Awuor wenu. Mtoto asiyetamka, anzeni na masikio. Huyu wa Osiri alikuwa akitoka usaha masikio yote mawili kwa miaka, watu wameuzoea wanaupangusa tu. Daktari wa zahanati moja mjini Migori aliona tundu kwenye ngozi ya ndani ya kila sikio. Alimpa dawa ya matone, akamfundisha mama kukunja kipande cha kitambaa safi kiwe kama utambi na kukausha masikio mara kadhaa kwa siku, akakataza maji kuingia akioga. Baada ya wiki chache sikio la kushoto lilianza kurudi. La kulia lilirudi kidogo tu.

K tuliipata kwa kusukutua. Mpe mtoto maji kidogo, aangalie juu, asukutue kooni. Pale maji yanapochemka ndipo k inapokaa. Kisha afanye hivyo bila maji. Awuor alipoipata alizunguka mashimo yote akiwakoholea watu. S tuliipata kwa karatasi: shika ukanda mwembamba mbele ya meno, aupulize utikisike bila kukoma. Usimwambie mtoto "umekosea, sema tena". Akisema "aba", mwambie, "Eeh, una miaka saba," ukiwa umemwelekea, mwanga uko usoni mwako, kisha endelea na mazungumzo. Akisikia neno zima mara nyingi kwa upole litamjia. Akichekwa atanyamaza, na mtoto aliyenyamaza hana cha kurekebishwa.

Jambo moja lilinikera. Nilimwagiza mama yake, "Jioni mfanyie zoezi. Funga macho, sikiliza s yake kama ni safi." Kila nilipokuja nilikuta hafungi macho. Anaweka kiganja mbele ya mdomo wa mtoto.

"Si kiganja, Mama Awuor. Masikio!"

"Hii upepo yake ni baridi," akasema kwa sauti yake kubwa. "Ikiwa baridi, iko sawa."

Nilimweleza tena, pole pole, juu ya masikio. Alitazama mdomo wangu kwa heshima mpaka nikamaliza. Jioni akaendelea na kiganja. S ya Awuor ilikuja haraka kuliko ya mtoto yeyote niliyekuwa naye, nikajipongeza.

Januari ikafika. Watoto walipangwa kwenye mstari nje ya ofisi, wazazi dirishani. Nilikuwa nimempelekea mwalimu mkuu ripoti yetu: mtoto ana akili timamu, hasikii vizuri, akae mbele, mwalimu amwelekee akisema. Aliipokea kwa vidole viwili. Awuor alipoitwa, mwalimu mkuu alikuwa ameinamia rejista, akauliza akiandika.

"Jina?"

Awuor akangoja.

"Jina lako!"

Awuor alitazama utosi wa mwalimu. Utosi haukuwa na midomo.

"Unaona, madam?" akasema bila kuinua kichwa. "Ripoti yenu ni nzuri, lakini mtoto ni huyu."

Kule dirishani niliona kitambaa cha buluu. Mama Awuor alikuwa amejisogeza mpaka pembe ya mwisho, mahali ambapo angemwona mtoto usoni. Kiganja chake kilikuwa kwenye kioo.

"Mwalimu Mkuu," nikasema, "tafadhali inua uso."

"Nimekwambia..."

"Inua uso tu. Uliza mara moja ukimtazama. Akishindwa, nitaiandika hiyo barua hapa mezani kwako."

Nilisema hivyo. Mpaka leo sijui nilipata wapi haki ya kuweka rehani maisha ya mtoto wa mtu. Mwalimu mkuu aliweka kalamu chini. Akainua uso, na nilimwona kwa mara ya kwanza akimtazama Awuor kama mtu.

"Jina lako ni nani?"

"Naitwa Awuor."

"Eeh. Una miaka mingapi, Awuor?"

Jibu lake lilianza na s ile ile. Awuor aliinua mkono wake, akaweka kiganja mbele ya mdomo wake mwenyewe, akavuta pumzi.

"Saba."

Safi, ndefu kidogo, kama birika linaloanza kuchemka. Nyuma yangu nje ya dirisha mtu alipiga kigelegele ambacho lazima kilifika kwenye krasha.

Mwalimu mkuu aliandika kitu kwenye rejista. Alichukua muda. "Dawati la kwanza," akasema. "Upande wa kushoto wangu, hiyo sikio ya kushoto ikae kwangu." Halafu, akiwa ameshainama tena: "Anayefuata." Akajisahihisha, akainua uso. "Anayefuata."

Nilirudi Homa Bay, nikatoa faili la kaki chini ya njuga, nikaliweka juu ya meza ya Boke. Akaligeuza upande na upande.

"Uliuliza kwa nini," akasema.

"Ungeniambia tu, Mwalimu."

"Ningekwambia, ungeniomba ushahidi." Akanirudishia faili. "Sasa unao."

Faili hilo mnalo, liko kwenye kabati, limeshonwa mgongo mara mbili. Atakayelitupa nitamjia.

Ningeishia hapo, na kwa miaka yote nilipoisimulia habari hii kwa walimu wapya niliishia hapo. Lakini mlipoandaa chai ya kuniaga mwezi uliopita, mlimwona mwanamke aliyeketi kulia kwangu, fundi wa nguo mjini Migori, aliyekuja na gauni la maua makubwa aliloniletea zawadi. Huyo ndiye Awuor. Mamake alifariki mwaka jana. Nilipompa pole nilimwambia jinsi nilivyohangaika na mama yake, mtu mwerevu hivyo, akikataa katakata kufunga macho asikilize.

Awuor aliweka kikombe chini.

"Mwalimu, wewe hukujua?"

Kabla Awuor hajazaliwa, mama yake aliugua sana, akachomwa sindano nyingi, akapona. Masikio hayakupona. Pale Osiri mtu asiyesikia kelele ya shimo likiporomoka hakuruhusiwa kufanya kazi karibu, kwa hiyo hakumwambia mtu, na mahali watu walipozungumza kwa midomo hakuna aliyemgundua. Wala mimi, niliyekaa naye magoti kwa magoti kwa miezi minne na kazi yangu ni masikio. Alijua taa ikizimwa mtoto anakwenda wapi, kwa sababu naye alikuwa huko.

Ile "saba" aliiona kupitia kioo cha dirisha. Sauti ya bintiye hakupata kuisikia.